Ukurasa wa Mwaka 1922

Sharon, Carolina Kaskazini
22 Januari 1979

Mdogo wangu Rufus,

Amani ya Bwana iwe nawe, pamoja na binti yako Solveig na kondoo wenu wote. Sisi huku tupo. "Sisi" ni mimi na paka. Najua umeshtuka kupata barua Januari, maana miaka yote tumeandikiana Krismasi tu, mistari sita na sala mwishoni. Usiogope, sijafa.

Habari za hapa ni nyepesi. Tumepata mchungaji mpya, Mchungaji Hauser, kijana wa miaka thelathini na moja, anayeimba vizuri na kuhubiri kwa kirefu. Jirani yangu Eldora Crouse amevunjika kifundo cha mguu akicheza mpira na wajukuu wake, na sasa anatembelea mkongojo kwa madaha kama malkia. Nargisi, maua yangu ya manjano, zimeanza kuchungulia chini ya dirisha langu, mapema mno. Baridi itazitia adabu.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nilimwuliza kama tunahesabu miaka au miezi, akatazama viatu vyake. Nimefundisha Kilatini miaka arobaini na moja, Rufus. Naijua sura ya mtu asiyetaka kutaja jibu.

Kwa hiyo nimeanza kuandika wasifu wangu, ule utakaosomwa siku ya kunizika. Kurasa tatu za mwanzo zimekwenda vizuri: kuzaliwa, ubatizo, kifo cha Mama, shule. Ukurasa wa nne unaanza na mwaka 1922, na hapo kalamu imesimama wiki mbili. Kuna jambo ambalo sharti nikuambie kabla sijaliandika, na ningependa nikuambie uso kwa uso. Pasaka ni tarehe 15 Aprili. Njoo. Hujakanyaga hapa tangu Jumatatu ile ya Pasaka ulipoondoka na begi moja. Nitakuokea keki ya sukari, ile ya kukandwa na viazi, hata kama itabidi niikande nimekaa kitini.

Dada yako,
Lavinia

*

Dry Fork, Montana
19 Februari 1979

Dada Lavinia,

Salamu zako zimefika, zimechelewa siku tisa kwa sababu theluji ilifunga barabara. Baridi ya huku, ukitema mate yanaganda kabla hayajagusa chini. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Solveig naye mzima. Anaendesha trekta na ananiendesha mimi, na kwa yote mawili hataki ushauri.

Pole kwa habari za moyo. Nilidhani wako ni wa chuma. Nilipokuwa mdogo ulinichapa vidole kwa rula na moyo huo haukutetereka hata kidogo.

Pasaka siwezi. Kondoo mia moja na sabini wana mimba, wataanza kuzaa mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Aprili yote. Mfugaji akiondoka wakati huo, akirudi huokota mizoga. Solveig angeweza peke yake, lakini usimwambie nimesema hivyo.

Kuhusu mwaka 1922, mimi sina la kusema. Uandike au uruke. Ninavyoyakumbuka mabenchi ya kanisa lile, hakuna atakayesikitika wasifu ukipungua mwaka mmoja. Kama ni lazima kusema, wewe ni mwalimu, una karatasi.

Mdogo wako,
Rufus

*

Sharon
1 Machi 1979

Mdogo wangu,

Nashukuru kwa barua yako, na namshukuru Solveig kwa kukuendesha. Huku Kwaresima imeingia jana na mvua. Nargisi zilipigwa na baridi kama nilivyosema, zikalala chini siku tatu, halafu zikainuka tena bila kinyongo. Eldora amenitembelea na supu. Habari za familia zimekwisha, kwa kuwa wa nyumba ya Baba tumebaki mimi na wewe tu.

Umesema nina karatasi. Basi soma.

Unakumbuka jinsi Jumamosi Kuu ilivyokuwa. Kila nyumba inakwenda makaburini, Shamba la Mungu, na ndoo na brashi, kusugua mawe ya wafu wake yawe meupe kabla ya ibada ya alfajiri. Mawe yote kipimo kimoja, yamelala chini, tajiri na maskini, ili mtu asijivune hata akiwa kaburini. Wazee wetu walifikiria kila kitu isipokuwa wasuguaji. Majivuno yaliponyimwa mawe makubwa yalihamia kwenye weupe. Mama yake Eldora alikuwa na jiwe la mama yake, safu moja na Mama yetu, na kila mwaka lilikuwa jeupe kuliko yote. Nilisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu. Halikufikiwa.

Mwaka ule wewe ulikuwa unajifunza ufundi bati. Nilikuwa nimekuona ukipaka asidi ya kulehemia na kutu ikitoweka. Nikajiambia: kama inaondoa kutu, itashindwa na ukungu? Niliichukua chupa kwenye meza yako ya kazi, nikaenda saa ya chakula cha mchana wakati hakuna mtu, nikaimimina juu ya jiwe la Mama. Likatoa povu kama maziwa yanayochemka. Nilifurahi, Rufus. Povu lilipotulia, jiwe lilikuwa jeupe kuliko unga. Nikasuuza kwa maji, na nilipopitisha mkono, jina lake halikuwapo. "Salome" yote ilikuwa imeliwa. Ilibaki mikwaruzo, mfano wa maandishi ya kidole juu ya unga.

Nilirudisha chupa mahali pake. Jioni Baba alikwenda na maua. Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilikuwa wapi moyoni. Nilikuwa nakata nyama ya nguruwe mezani alipokuuliza kama ni wewe uliyeliharibu. Ulimjibu, "Kama unaamini ni mimi, basi ni mimi." Akasema, "Kesho alfajiri hutasimama na bendi ya kanisa." Ukaweka tarumbeta yako mezani, kati ya mkate na haradali. Mimi niliendelea kukata nyama. Niliikata nyembamba sana, vipande vizuri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya Jumapili, na sikusema neno.

Baba aliweka jiwe jingine. Mimi kila Jumamosi Kuu tangu hapo nimekwenda na sabuni na maji tu. Nikimaliza la Mama, nasugua mawe ya watu wasio na ndugu. Mwaka jana yalikuwa hamsini na moja. Sijui nilidhani nitafika wapi. Nimewaeleza watoto wa watu, miaka na miaka, kwamba wokovu ni bure, halafu mimi nikarudi kwenye ndoo yangu.

Nakuomba unisamehe. Na nakuomba ruhusa ya kuandika hili kwenye wasifu, lisomwe jina lako likiwa safi. Nijibu kabla ya Pasaka. Daktari sasa hatazami hata viatu, anatazama dirisha.

Lavinia

*

Dry Fork
24 Machi 1979

Dada Lavinia,

Natumaini unaendelea vizuri na unakunywa dawa. Sisi tuko salama. Kondoo wameanza mapema, tumeshapata wana-kondoo arobaini na watatu, na Solveig hajavua viatu tangu Jumapili.

Juzi jike mmoja alizaa mfu. Siku hiyohiyo jike mwingine akafa akaacha mtoto mzima. Ukimpeleka yatima kwa mama aliyefiwa, anamnusa na kumpiga kichwa, kwa sababu si harufu yake. Sasa tunachofanya ni kumchuna yule mfu ngozi, tunatoboa mashimo manne ya miguu, na kumvika yatima kama koti. Lilikuwa limempwaya, akaonekana kama mtu aliyeazima suti ya harusi. Mama akanusa, akanusa tena, akaguna ile sauti ya tumboni wanayoguna kwa watoto wao tu, akamwacha anyonye. Baada ya siku tatu ngozi tunaivua, hahitaji tena. Nimefanya hivyo mara mia na bado huwa nasimama kuangalia.

Theluji imeyeyuka upande wa kusini wa banda. Bata bukini wamepita juu wakielekea Kanada, wengi mno.

Basi nisikuchoshe.

Rufus

*

Sharon, Jumapili ya Mitende
8 Aprili 1979

Rufus,

Salamu. Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu asiyeweza kupanda ngazi. Kitanda wamekihamishia sebuleni. Miti ya maua meupe imechanua kando ya kijito, na jirani wote wanakuja kuiangalia kupitia dirisha langu, kisha wanakumbuka kuniuliza hali.

Nilikuandikia jambo lililonichukua miaka hamsini na saba kulisema. Ukanijibu kwa ukurasa mzima wa ngozi ya kondoo. Nikasema labda barua nyingine iko njiani, nikasubiri wiki. Haikuja. Mchungaji Hauser alikuja kuniombea, nikamsomea barua yako kwa hasira, kusudi aone nina ndugu wa namna gani. Badala ya kunihurumia akaomba kalamu. Asubuhi hii amehubiri kondoo wako kwa dakika hamsini. Wanawake wamelia. Mwana-Kondoo aliyekufa, na sisi tuliovikwa haki yake ili Baba atupokee. Ameieleza vizuri, siwezi kukataa, na mimi niliyeletwa kanisani kwa kiti cha magurudumu nilikaa pale nikijiuliza: kumbe Rufus anaweza kumvika yatima koti, lakini dada yake hawezi kumwandikia mstari mmoja?

Sikulazimishi. Kama jibu ni hapana, sema hapana. Nilishawapa wanafunzi sifuri wakaishi. Lakini usinyamaze. Nakijua kimya, Rufus, mimi ndiye niliyekianza mezani.

Lavinia

*

Dry Fork
9 Aprili 1979

Dada yangu mpenzi,

Nimeandika barua hii mara tano na kuwashia jiko mara nne. Solveig amesema hii ya tano ataipeleka posta mwenyewe, ikiwa imeisha au haijaisha. Kwa hiyo sitasalimu sana.

Nilikuona.

Nilikuwa naleta maua ya Mama siku ile, saa ya mchana. Nilipofika kwenye ua wa mierezi unaozunguka makaburi nikakuona umepiga magoti na chupa yangu mkononi. Niliona povu. Nikajua kinachotokea, kwa sababu nilikuwa nimeshaunguza sinki la bwana wangu wa kazi kwa asidi hiyohiyo. Ningeweza kupiga kelele. Niligeuka nikarudi kwa njia ya nyuma, maua nikayatupa kijitoni.

Sasa sikia lililo baya. Nilikuwa nataka kuondoka, Lavinia. Nilichukia bati, nilichukia duka, nilitaka nchi isiyo na ua wa mierezi. Nilikuwa sina ujasiri wa kumwambia Baba. Aliponiuliza pale mezani, nikaona mlango umefunguka na mimi sikuhitaji hata kuusukuma. Niliondoka mtu aliyeonewa. Hilo ni vazi zuri sana, dada. Nilimwambia marehemu mke wangu kisa hicho kabla hatujaoana, na nadhani nusu ya sababu alinikubali ni huruma.

Kukusamehe nilikusamehe kabla treni haijatoka Carolina. Nilikuona kwenye dirisha la treni, kwa mawazo, ukikata nyama nyembamba ile, nikacheka peke yangu, nikakusamehe. Haikunigharimu kitu. Kilichobaki ni kukupa habari, na hiyo ndiyo niliyokunyima. Kila Krismasi mistari sita, na huo mstari mmoja sikuuweka, kwa sababu siku ningeuweka ningelazimika kuvua vazi langu. Nilikuwa na habari njema yako mfukoni miaka hamsini na saba, na wewe huko ukisugua mawe ya wageni.

Na kuna moja zaidi. Mwaka 1930 Baba aliniandikia. Alisema amewaza, hana hakika tena, aliuliza: "Ni wewe kweli, mwanangu?" Sikumjibu. Akafa mwaka uliofuata.

Barua yako ya Machi nilipoisoma, nilikwenda bandani nikakaa na kondoo. Wewe uliomba msamaha kwangu. Sikujua niuweke wapi uso wangu, ndiyo maana nikakuandikia habari za ngozi.

Nisamehe. Solveig anapiga honi.

Rufus

*

Sharon
17 Aprili 1979, Jumanne ya Pasaka

Mdogo wangu mpenzi,

Amefufuka kweli kweli! Mimi ni mzima, na leo nimekula pai ya kuku vipande viwili, daktari akiona.

Barua yako ilinifikia Jumamosi Kuu, na ni vizuri uelewe nilikuwa wapi. Nilikuwa Shamba la Mungu. Nilikataa kubaki nyumbani, wakaniweka kwenye kiti changu pembeni ya jiwe la Mama, blanketi miguuni, huku wasichana wa darasa la kipaimara wakinisugulia mawe yangu. Jua lilikuwa limetoka, ndoo kila mahali, watu wanapitisha nargisi mkono kwa mkono. Eldora akaja na mkongojo wake akasema, "Bi Lavinia, mleta barua amenipa hii. Imeandikwa vibaya, bila shaka ni ya ndugu yako."

Niliisoma hapo hapo. Nilipofika "Nilikuona" niliacha kusoma nikatazama ule ua wa mierezi. Bado upo. Nikasoma hadi mwisho. Halafu nikaanza kucheka, Rufus, cheko la kutoka tumboni kama yule jike wako, na machozi yanatiririka, hata Eldora akadhani moyo umeshika njia yake. Akaniuliza ninaumwa wapi.

Nikaona: nitangoja nini? Wasifu usomwe nikiwa kwenye jeneza, watu wanisamehe nami nisisikie? Nikawaambia wanawake wote waliokuwa karibu, kwa sauti yangu ya darasani, mambo yote, chupa, povu, nyama ya nguruwe. Nikamgeukia Eldora nikamwambia, yote hayo kwa sababu ya jiwe la bibi yako.

Brashi zikasimama. Eldora akakaa chini kwenye nyasi, na mguu ule mbovu, akasema taratibu, "Lavinia, Mama alikuwa anapaka chaki."

Nikamwambia sijasikia.

"Chaki," akasema. "Unga wa chaki, kwa kitambaa chenye maziwa. Tulikuwa tunaomba Mungu mvua isinyeshe mpaka ibada iishe. Nimeogopa usije ukajua tangu nikiwa na miaka sita."

Niliharibu jiwe la mama yangu ili niishinde chaki! Tulicheka tukashikana mikono. Mwanamke mmoja safu ya pili akasema yeye hutumia dawa ya meno. Mwingine akakiri hupunguza weupe wa jirani yake kwa kumwagia chai. Kila mmoja akatoa lake. Mchungaji Hauser akaja mbio kuuliza tunacheka nini makaburini Jumamosi Kuu. Tulipomweleza alisimama kidogo, kofia mkononi, akasema kesho atafupisha mahubiri, maana anaona wengine wameshahubiri.

Na alifupisha. Kulikuwa bado giza waliponisukuma hadi kwenye safu za makaburi ya dada wasioolewa, nitakapolazwa mimi. Bendi zilikuwa zinaitikiana kutoka pembe nne, moja mbali, moja karibu, halafu mstari wa rangi ya chungwa ukatokea nyuma ya miti, na mawe yote yakaonekana mara moja, mamia, meupe, na sikujua lipi la nani. Mchungaji akasema, "Bwana amefufuka." Miaka hamsini na saba nimeliitikia neno hilo kwa ajili ya watu wengine wote. Safari hii niliitikia kwa ajili yangu. Msamaha ulikuwapo tangu kwenye treni, na mimi sikuuongeza wala kuupunguza kwa brashi yangu. Ulikuwapo tangu zamani, kabla hata ya treni. Nilifundisha hivyo maisha yangu yote, na nilikuwa nafundisha kweli.

Umeniomba nikusamehe. Nimekusamehe, na nakuandikia siku ya tatu tu, usije ukasema nimekuchelewesha. Kuhusu Baba, mimi siwezi kujibu kwa niaba yake. Yuko pale, safu ya wanaume waliooa, anangoja asubuhi ile kama wengine. Atakapoamka atakuwa na la kuuliza. Lakini sasa tutakuwa wawili wa kumjibu, na nadhani atacheka akisikia habari ya chaki.

Bado hujanipa ruhusa ya ule ukurasa. Kalamu imesimama.

Lavinia

*

Dry Fork
26 Aprili 1979

Dada Lavinia,

Salamu za Pasaka kutoka kwangu, Solveig, na wana-kondoo mia mbili na tisa. Nyasi zimetoka. Solveig amenisomea barua yako kwa sauti, akarudia sehemu ya chaki mara mbili, kisha akaniambia bandani sihitajiki, na kwamba kwa kweli sijahitajika tangu mwaka sabini na tano.

Ruhusa ya ukurasa sikupi, mpaka tukubaliane sharti moja. Tuuandike pamoja. Wewe utaandika nilichokukosea mimi, na mimi nitaandika ulichonikosea wewe, halafu tuone nani atamtetea mwenzake zaidi. Wewe una Kilatini, lakini mimi nitajitahidi.

Treni inafika Jumamosi tarehe tano Mei, saa nne asubuhi. Mwambie daktari atazame anakotaka, ila akuache mpaka hapo. Na kama Bwana atakuita kabla sijafika, nitaingia hivyo hivyo, nitakaa mezani kwako, nitaandika pande zote mbili mwenyewe, na nitausoma mbele ya watu wote kwa sauti yangu. Lakini ningependa zaidi uwepo, unisahihishe.

Mdogo wako,
Rufus